Kufundisha udaktari mtandaoni wodi zikifungwa: mwongozo kwa wahadhiri wa Nairobi

Jumapili ya Machi 15, 2020, siku mbili baada ya serikali kutangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza masomo yasitishwe. Vyuo vikuu vilipewa hadi Ijumaa ya tarehe 20 viwe vimefunga. Wanafunzi wa udaktari waliokuwa wakizunguka wodi za Hospitali ya Taifa ya Kenyatta wakafunga virago. Wengine wakarudi Kitui, Kisii na Garissa, wengine wakabaki katika vyumba vya kupanga Rongai na Githurai. Tarehe 6 Aprili safari za kuingia na kutoka Nairobi zilipigwa marufuku, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Julai 7.

Korona haikuwa ya kwanza kuwatoa wanafunzi wodini. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na ule wa 2024 ukadumu siku 56. Mlipuko mwingine utakuja, na mgomo mwingine pia. Mwongozo huu ni wa mhadhiri, au daktari anayesomea ubingwa, atakayeambiwa Ijumaa jioni kwamba Jumatatu darasa lake liko mtandaoni.

Yote ninayopendekeza hapa yametoka katika jambo moja: mwanafunzi wa udaktari hujifunza anapolazimika kuamua juu ya mgonjwa. Wodini mgonjwa mwenyewe humlazimisha. Mtandaoni hakuna wa kumlazimisha ila wewe, kwa hiyo kila kipindi kijengwe juu ya uamuzi ambao mwanafunzi ataufanya kabla hujafungua kinywa kueleza.

Hatua ya 1: Jua mwanafunzi ameshika nini mkononi

Kabla ya kuchagua programu au kupanga ratiba, uliza maswali manne kwa ujumbe mfupi wa simu, maana barua pepe huenda isisomwe. Una kifaa gani? Unatumia waifai au bando? Stima hukatika mara ngapi kwa wiki? Nyumbani kunatulia saa ngapi?

Darasa lolote la Nairobi lina mwenye kipakatalishi na waifai ya nyumbani kule Lavington, na lina mwenye simu ya kioo kilichopasuka anayenunua bando la siku huku akikaa chumba kimoja na wadogo zake. Panga somo kwa ajili ya huyu wa pili. Likimfikia yeye, mwenzake wa Lavington hatapungukiwa na kitu.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Kikao cha Zoom cha sauti peke yake hutumia takriban kilobiti 80 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 36 kwa saa. Ukiongeza video, unazungumzia mamia ya megabaiti kwa saa, na ikiwa ni ya ubora wa juu inaweza kupita gigabaiti moja. Mwanafunzi mwenye vipindi vitatu kwa siku hawezi kubeba gharama hiyo wiki nzima. Kwa hiyo usiwalazimishe kuwasha kamera. Wapo wahadhiri wanaoona kamera iliyozimwa kuwa ni utovu wa adabu, mimi nakataa. Kamera hula bando, na humwonyesha mwanafunzi na kitanda chake, mamake na nguo zilizoanikwa mbele ya darasa zima. Utajua kama yuko darasani kwa majibu yake.

Uliza pia chuo chako kama kina mpango wowote wa bando nafuu kupitia KENET, mtandao wa elimu na utafiti unaounganisha vyuo vya Kenya. Na kama chuo kina Moodle, jukwaa la masomo ya mtandaoni, weka humo kila kitu kinachopaswa kudumu: kisa cha mgonjwa, kurasa za kusoma, muhtasari. Kikao cha moja kwa moja kiwe cha maswali tu.

Hatua ya 2: Tafuta mwenzako

Usifundishe peke yako. Mmoja azungumze, mwingine asome jumbe, ahesabu majibu, awarudishe waliokatika. Stima ikipotea kwako, mwenzako aendelee bila kuuliza. Asipopatikana mhadhiri, kiongozi wa darasa anatosha, mradi awe na kisa na maswali yake tangu jana yake.

Hatua ya 3: Andika swali kabla ya slaidi

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi wetu hupita haraka. Mhadhara wa slaidi 70 uliokuwa ukichosha ukumbini hauponi kwa kupelekwa kwenye simu. Acha kitabuni yaliyomo kitabuni, watumie kurasa za kusoma siku mbili kabla, kisha uje darasani na mgonjwa.

Chukua mfano huu. Mama wa miaka 24, mimba yake ya kwanza, wiki ya 34, ameletwa na dadake saa tano usiku kutoka Kayole. Kichwa kimemuuma tangu asubuhi na anaona vimulimuli machoni. Shinikizo la damu ni 170 kwa 115. Mkojo una protini ya alama tatu. Hajapata degedege.

Swali la mhadhara lingekuwa: pre-eklampsia, yaani shinikizo la damu la hatari katika mimba, ni nini? Usiliulize, jibu lake liko katika ukurasa waliousoma jana. Uliza hivi: uko zamu na muuguzi mmoja, katika dakika kumi zijazo utafanya nini, kwa mpangilio gani?

Wapo watakaoandika dawa ya kushusha shinikizo peke yake. Wapo watakaokimbilia upasuaji. Wapo watakaotaja magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, bila kipimo, kana kwamba dawa hujipima yenyewe. Sasa una somo mkononi. Wape dakika mbili wabishane, kisha uliza la pili: gramu ngapi, na kwa njia gani? Mpaka waseme gramu 4 mshipani polepole, na gramu 5 kila tako, jumla 14 kwa dozi ya kuanzia, usisonge mbele.

Kisha sogeza saa. Saa nne zimepita, muuguzi amejaza bomba la sindano kwa dozi inayofuata. Utakagua nini kabla hajachoma? Wanapaswa kufika kwenye mambo matatu: goti linaruka likigongwa, pumzi ni 16 kwa dakika au zaidi, na mkojo umefika angalau mililita 100 kwa saa hizo nne. Halafu badilisha hali: pumzi zimeshuka hadi 8, goti halijibu. Hapo utaona mikono ikisita kwenye kibodi, na kusita huko ndiko unakokutaka. Kusimamisha magnesiamu, kumsaidia kupumua, kumpa kalsiamu glukoneti, dawa inayoipinga magnesiamu, gramu 1 mshipani: mwanafunzi aliyeyatafuta haya akiwa na hofu kidogo moyoni hatayasahau kama yule aliyeyanakili.

Mgonjwa mmoja na maamuzi matatu au manne yanatosha kikao kizima. Kikao cha bure cha Zoom cha watu wengi hukatika dakika ya 40, nami naona huo ni urefu mzuri hata kwa chuo chenye leseni ya kulipia. Baada ya hapo masikio yamechoka na bando linaelekea ukingoni.

Mwenzako atakuambia mtaala hautakwisha kwa mwendo huu. Ni kweli hautakwisha kwa mdomo wako. Kazi ya kuumaliza ni ya usomaji uliopangwa, wenye jaribio fupi la maswali matano kabla ya kila kikao, ili asiyesoma ajulikane mapema.

Hatua ya 4: Andikeni, msitume

Ukiuliza swali kwa sauti, watajibu wale wanne wanaojibu kila siku, na wengine wataandika "nakubaliana na mwenzangu". Dawa yake haigharimu kitu. Waambie wote waandike jibu kwenye sehemu ya ujumbe bila kulituma. Wape sekunde 60, au 90 ikiwa swali ni zito. Kisha sema: tuma. Majibu 60 yanashuka kwa pamoja, na hakuna aliyepata nafasi ya kumwiga bingwa wa darasa.

Usikimbilie jibu sahihi. Chagua majibu mawili yanayopingana, uyasome bila kutaja majina, uulize: ni jambo gani lingekuwa kweli kwa mgonjwa huyu ili jibu la pili liwe sahihi? Mbinu ya kupiga kura kwanza, kubishana na jirani, kisha kupiga kura tena ilisambazwa na Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, tangu miaka ya 1990. Inafaa udaktari sawasawa na fizikia, na kwa simu sawasawa na ukumbini. Kura ya kwanza isiwe na alama. Mwanafunzi anayeogopa kupoteza alama hataamua, atasubiri.

Hatua ya 5: Vikundi vidogo vyenye kazi

Zoom na BigBlueButton, programu nyingine ya madarasa ya mtandaoni, zote zinaweza kugawa darasa katika vyumba. Watano au sita kwa chumba, wasizidi. Chumba bila kazi maalumu hunyamaza, kwa hiyo gawa majukumu kabla ya kufungua milango: mmoja asome kisa kwa sauti, mmoja aandike, mmoja asimamie saa, na mmoja kazi yake iwe kupinga tu. Huyu wa kupinga ni muhimu kuliko wote, na abadilishwe kila kikao, kwa kuwa wengi wetu tumelelewa kutompinga aliye mbele yetu, na tabia hiyo ikifika chumba cha upasuaji huua. Shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, imejengwa tangu mwanzo juu ya kujifunza kwa kutatua matatizo katika vikundi vidogo, kwa hiyo hili si geni nchini. Ukimpata aliyesomea kule, mwombe akusaidie kuongoza.

Dakika nane chumbani, kisha kila kikundi kilete sentensi moja. Usiruhusu ripoti ndefu.

Hatua ya 6: Fundisha macho na masikio, kwa uangalifu

Wengi husema uchunguzi wa mgonjwa haufundishiki mtandaoni. Sehemu kubwa haifundishiki, kweli, na nitalirudia hilo mwishoni. Lakini ipo sehemu inayofundishika vizuri kuliko wodini, ambako wanafunzi kumi na watano hung'ang'ania kitanda kimoja na wa nyuma haoni kitu.

Tafuta video ya mafunzo ya mtoto wa miezi minane anayepumua kwa shida, iliyotolewa kwa ajili ya kufundishia. Itume kama faili siku moja kabla. Usiicheze kwenye kikao, kwa sababu mtandao ukiganda kwa sekunde tatu hesabu yote imeharibika. Kila mtu aifungue kwa simu yake, ahesabu pumzi kwa dakika nzima bila kukatisha nusu na kuzidisha mara mbili, kisha atume namba yake pamoja na wengine. Utapata 46, utapata 51, utapata 58. Shirika la Afya Duniani linasema pumzi 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11 ni pumzi za kasi, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Basi aliyehesabu 46 amemrudisha nyumbani mtoto mwenye nimonia. Wahesabu tena, mpaka namba zikaribiane. Mwalimu wa wodini hapati kamwe nafasi ya kuona hesabu za wanafunzi wote kwa wakati mmoja.

Sauti za moyo zina mtego wake. Programu za mikutano huchuja kelele, na kwa programu hizo mvumo wa moyo ni kelele. Ukicheza sauti ya valvu iliyobana kupitia Zoom bila kuwasha sauti ya asili katika mipangilio, wanafunzi watasikia ukimya na kukubali kwa heshima kwamba wamesikia. Tuma faili ya sauti, na waambie wasikilize kwa spika za masikioni. Spika ya simu haitoi vizuri sauti nzito za chini, nazo ndizo nyingi moyoni.

Na mwili wa kujifunzia upo, ni wake mwenyewe. Agonge kifua chake upande wa kulia, kwenye mstari wa katikati ya mtulinga, akishuka ubavu kwa ubavu hadi sauti iwe butu karibu na ubavu wa tano au wa sita: ini linaanzia hapo. Ahesabu mpigo wa mkono, apande ngazi za ploti mara tatu, ahesabu tena. Dadake akikubali, amchunguze shingo na tezi.

Hatua ya 7: Mlete mgonjwa, mlinde mgonjwa

Ikiwa daktari mmoja bado yuko wodini na simu, anaweza kuwa macho ya darasa. Aende kwanza bila simu, aketi, aeleze kwa lugha ya mgonjwa kwamba wanafunzi wanataka kumsikiliza, kwamba hakuna kitakachorekodiwa, na kwamba akikataa matibabu yake hayatabadilika hata kidogo. Kibali kiandikwe kwenye faili. Simu iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, upanguswe kila baada ya kitanda, na kamera isielekee kitanda cha jirani. Wanafunzi waulize maswali, daktari awe mdomo wao.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya ya mtu katika kundi la data nyeti. Picha ya eksirei yenye jina na namba ya hospitali pembeni ni habari za mtu. Ziba au kata pembe hizo kabla ya kuituma. Uso haufichiki kwa kuweka mstari mweusi machoni, mtu hutambulika kwa kidevu, kovu au shuka. Piga picha ya sehemu inayohitajika tu. Wakataze wanafunzi kusambaza chochote nje ya kundi la darasa, na wakumbushe kila wiki. Mgonjwa aliyetukubalia akiwa amelala asiye na nguvu anastahili ulinzi zaidi ya ule anaopata anayeweza kutushtaki.

Hatua ya 8: Kisa cha WhatsApp kwa asiyeweza kuingia kikaoni

Siku moja kwa wiki, futa kikao cha moja kwa moja. Saa moja asubuhi, weka mistari minne kwenye kundi: mwanamume wa miaka 38, kikohozi cha wiki tano, jasho la usiku, amepungua uzito, ni makanga wa matatu ya Embakasi. Mwanafunzi anaweza kuomba kipimo chochote, kwa sharti moja: aandike kipimo kikija hivi atafanya nini, na kikija vile atafanya nini. Asiyeweza kusema, hapewi. Majibu yatoke saa sita mchana na saa kumi na mbili jioni, na usiku tuma ujumbe wa sauti wa dakika tano wa kufunga. Hula bando kidogo sana, na mwanafunzi anaufuata akiwa shambani au kwenye foleni ya maji. Sharti hilo la kueleza kabla ya kuomba kipimo, kwa maoni yangu, linafaa kuendelea hata wodi zikifunguliwa. Wagonjwa wetu wengi hulipa vipimo kutoka mfukoni.

Hatua ya 9: Mahojiano kwa Kiswahili

Muombe mtu mzima asiye daktari aigize mgonjwa kwa simu. Mpe kisa na jambo moja la kuficha mpaka aulizwe kwa upole, kwa mfano kwamba aliacha dawa za shinikizo kwa kukosa pesa. Mahojiano yawe kwa Kiswahili, kwa sababu mama wa Kariobangi hatamweleza daktari maumivu yake kwa Kiingereza cha kitabu. Mwanafunzi ataanza na "Shikamoo" au "Habari yako, mama", atajitambulisha, ataomba ruhusa. Wenzake wasikilize na waandike swali moja ambalo hakuuliza. Mwigizaji ndiye atoe maoni ya mwisho: je, alijisikia amesikilizwa?

Hatua ya 10: Mtafute aliyenyamaza

Asiyejibu vikao viwili mfululizo apigiwe simu siku hiyohiyo, na mtu, kwa sauti. Huenda bando limeisha. Huenda babake yuko kwenye oksijeni. Usianze na mahudhurio, anza na "uko salama?" Kila kikundi cha watu sita kiwe na mmoja mwenye jukumu la kujua walipo wengine, na wewe uwe na orodha.

Hatua ya 11: Weka daftari la deni la mikono

Kuna mambo ambayo mtandao hautafundisha: kutoa damu, kuweka katheta, kuzalisha, kuhisi wengu chini ya vidole, kushona jeraha la mtu anayelia. Usijifanye umeyafundisha kwa video, na usimpitishe mwanafunzi kwayo kwa mtihani wa kuandika. Siku ya kwanza ya masomo ya mtandaoni, kila mwanafunzi afungue daftari lenye orodha ya stadi za mwaka wake ambazo hajazifanya kwa mkono. Mbele ya kila stadi kuwe na nafasi ya tarehe, mahali, na sahihi ya aliyemwona akiifanya.

Wodi zikifunguliwa, madaftari hayo ndiyo yapange ratiba. Wenye deni kubwa wapewe zamu za kwanza, hata za usiku. Wiki mbili za mwanzo ziwe za mikono peke yake, katika maabara ya stadi kwa mifano ya plastiki kisha kitandani chini ya uangalizi, bila mhadhara wowote. Na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho asipewe barua ya kwenda kuwa daktari mwanagenzi mpaka kila mstari wa daftari lake uwe na sahihi.